Shahidi wa Pili wa Mwezi

Chekeni tu, mimi nimeshazoea. Kila mwezi ukikaribia kuandama, sisi wapenda nyota wa Kindu huvuka Lualaba kwa mtumbwi. Kule ng'ambo mwalimu wetu hutufundisha mambo ya anga, kisha huelekeza darubini yake magharibi, juu ya nyumba zetu.

Juzi tulikuwa tunatafuta mwezi wa kumaliza Ramadhani. Mimi, fundi wa kanzu ninayejisifu kwa macho makali, nikapewa darubini kwanza. Njaa ikanituma niishushe kidogo, nichungulie uani kwa wakwe zangu. Nikaona samaki amejikunja juu ya moto.

"Mwezi umeuona?" mwalimu akauliza.

Nikaona haya kusema ukweli. "Ndiyo, mwalimu. Mwembamba, umepinda, ncha zake juu."

Mpiga ngoma, aliyengoja kuutangazia mji Idi, akainua mikono. Nilikuwa nimesahau kwamba kwetu mashahidi ni wawili, na wa pili hutazama kabla darubini haijasogezwa. Akainama baba mkwe wangu, ambaye tulivuka naye. Akatazama kwa muda mrefu.

"Ni kweli, iko," akasema. "Ile ni samaki ya muke wangu, na mukia inaungua."