Nilivyosomea Kunyamaza

Tangu nirudi nyumbani, vijana wa Tarime na wale wa kwetu Nyambureti wananiuliza jambo moja: hayo masomo ya uzamili ya ushauri nasaha yakoje? Wananiuliza mimi kwa sababu hawana mwingine wa kumuuliza. Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kupata stashahada, wa kwanza kuvaa joho, na wa kwanza kulivaa mara tatu. Sikusomeshwa na mjomba wala na mradi wowote. Stashahada ya ustawi wa jamii niliisoma nikiwa mlinzi wa geti la kiwanda Dar es Salaam, vitabu nikiviweka juu ya daftari la wageni. Shahada nikaisoma jioni baada ya kazi. Ya tatu ni hii stashahada ya uzamili ninayoulizwa. Wapo wanaosema najivuna, na ni kweli. Mtu aliyejenga nyumba kwa mikono yake ana haki ya kukuonyesha madirisha.

Kwa hiyo nitawajibu, ila wasitegemee niwasomee orodha ya masomo. Orodha iko kwenye tangazo la chuo.

Muhula wa kwanza nilikuwa bingwa. Ni muhula wa nadharia: nani alisema nini kuhusu akili ya mwanadamu, maadili ya kazi, siri za mteja, makuzi ya mtoto. Mtu mwenye kumbukumbu nzuri anaumeza wote. Mimi niliumeza, nikaongoza darasa kwa mitihani miwili, na nikahakikisha darasa zima limejua.

Muhula wa pili ndipo vitabu vinapofungwa. Mnakaa watatu watatu: mmoja mshauri, mmoja mteja, wa tatu anatazama na kuandika. Mteja haigizi, analeta shida yake ya kweli, hata kama ni ndogo. Siku yangu ya kwanza kuwa mshauri, mteja wangu alikuwa mwalimu wa sekondari kutoka Singida aliyekuwa amegombana na dada yake. Nilimshauri vizuri sana. Nikampa mifano ya maisha yangu, jinsi nilivyopatana na ndugu zangu baada ya kuwa mbali miaka mingi. Mkufunzi alipomuuliza amejisikiaje, alinitazama kwa huruma.

"Nilikuja na shida yangu," akasema, "naondoka na ya kaka yangu huyu."

Darasa lilicheka, na mimi nikacheka nao, nikijiambia kwamba watu wa Singida hawajazoea maneno ya nguvu.

Niwaeleze nilikotoka. Baba yangu alikuwa msemaji hodari kwenye ritongo, ule mkutano wetu wa kijiji ambapo kesi za mipaka, ng'ombe na ndoa humalizwa. Alikuwa akisimama, anaongea mpaka watu wanatikisa vichwa, na akiketi kesi imekwisha. Kwetu mtu akikuletea jambo lake ukakaa kimya, umemdharau. Ulimi huo niliurithi. Nilidhani nimekwenda chuo kuutafutia cheti.

Kisha inakuja sehemu ya tatu, mafunzo kwa vitendo, na hapo ndipo mtu anafaulu au anarudia mwaka. Sharti la chuo chetu lilikuwa hili: angalau mteja mmoja umfuate vikao vinne, kila kikao ukiandikie ripoti ya neno kwa neno, yeye kasema nini, wewe umejibu nini, kadiri unavyokumbuka. Msimamizi anasoma na kusaini. Bila saini nne za mteja mmoja hakuna cheti, hata kama uliongoza darasa.

Nikaomba nifanyie nyumbani. Nilipangiwa kituo kimoja cha afya Bomani, pale Tarime mjini, kila Alhamisi. Msimamizi wangu alikuwa afisa muuguzi kutoka Lindi, mwanamke wa ushungi, mdogo kwangu kwa miaka isiyopungua kumi. Wote pale walimwita Sista. Nami nilimwita Sista, ingawa mwanzoni lilikuwa linanikwama kooni.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa bibi mmoja kutoka Kewanja, kule kwenye mgodi. Ameniruhusu nisimulie, na mambo mengine nimeyabadilisha ili asijulikane. Alikuwa akija kupima presha. Wauguzi waliona kila wakati presha iko juu na bibi anasema halali vizuri kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani. Wakamleta kwangu.

Nilimwamkia kwa heshima, nikampa kiti kizuri. Akasema kuna mwanamke nyumbani kwake, wanagombana kila siku. Mwanamke huyo anataka kwenda kuuza chakula karibu na mgodi, yeye hataki. "Na ng'ombe nilimtolea mimi mwenyewe," akasema, akainamisha kichwa.

Nikaelewa papo hapo. Mama mkwe na mkwe wake, mambo ya kila mji. Nikaongea dakika arobaini. Nilimweleza mabadiliko ya kizazi, kazi za wanawake wa leo, subira. Nikamwambia nyumba ina kichwa: amwachie mwanawe aamue, amkalishe chini mwanawe, ampe mwanawe nafasi ya kuwa mwanaume. Bibi alijibu, "Ndiyo, mura," yaani kijana, na tena "Ndiyo, mura," akasimama, akashukuru, akaondoka. Niliandika ripoti ya kurasa sita na kumpelekea Sista nikiwa nimeridhika kabisa.

Aliisoma yote bila kuinua macho. Kisha akauliza, "Mwanawe ana umri gani?"

"Mwana yupi?"

"Huyo unayemwambia bibi amwachie aamue. Umemtaja mara tano."

Nikapekua kurasa zangu. "Hilo sikuuliza."

"Anakaa nyumbani au yuko safari?"

"Sista, mimi ni mtu wa hapa. Najua nyumba zetu zilivyo."

"Mimi ni mtu wa Lindi, sizijui," akasema. "Ndiyo maana mimi ningeuliza." Akanirudishia kurasa zangu. "Kaka, kasome tena. Soma ya kwake tu, ya kwako ruka."

Ukiruka ya kwangu, ilibaki mistari kumi na mbili. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje kati ya kina mama wenye watoto wa chanjo. Nilipofika pale alipoinamisha kichwa na kusema ng'ombe nilimtolea mimi mwenyewe, nikaufunika mstari ule kwa kiganja. Kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimeyaandika maneno hayo, na yalikuwa yamenipita.

Kila Mkurya anajua mwanamke anayetoa ng'ombe kwa jina lake. Ni nyumba ntobhu. Mama asiye na mtoto wa kiume anaoa mwanamke, anamleta nyumbani kwake, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake, ili isife. Bibi yule hakuwa na mwana. Pengo la maisha yake yote lilikuwa hilo, na mimi, mtoto wa Nyambureti niliyerudi na vyeti vyangu, nilikuwa nimemwambia mara tano amwite mwanawe aamue.

Alhamisi iliyofuata hakuja.

Nilimweleza Sista kosa langu lote, na nilisema nitapanda pikipiki niende Kewanja nikamwombe radhi.

"Uende kwake watu wamwone anatembelewa na mshauri?" akasema. "Siri yake utaificha wapi? Ukienda, sisaini."

"Asiporudi?"

"Zimebaki wiki tano. Alhamisi ijayo asipokuja, uanze na mteja mpya, nawe uombe Mungu huyo asikose hata siku moja."

Wiki hiyo nilipiga hesabu ya Alhamisi kwenye kalenda mpaka kalenda ikachoka. Mtu mzima, majoho mawili kabatini, na la tatu limeshikwa na bibi mmoja ambaye ana kila sababu ya kutonitazama tena usoni. Nawaambia vijana: hakuna aliyewaonya kwamba cheti cha ushauri kinaweza kushikwa na mtu ambaye hata kusoma hajui.

Alikuja Alhamisi ile, saa tano na nusu, viatu vyake vya plastiki vimejaa tope.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mura. Nimekuja kupima. Nikaona nisipite mlangoni kwako kama mwizi."

Nikamkaribisha kiti. Maneno yalinijaa kinywani kama uji wa moto, radhi ndefu yenye mifano, na nikaimeza yote isipokuwa kidogo.

"Bibi, siku ile niliongea sana na sikukuuliza kitu. Nilikutajia mwana ambaye hukuniambia unaye. Nisamehe."

"Nilidhani umejua," akasema. "Nilidhani unafanya makusudi. Nikarudi nikamwambia mke wangu, nimekwenda kwa msomi akanitia kidole kwenye kidonda."

"Mbona hukunikatiza, bibi?"

"Ulikuwa unaongea kama redio. Redio mtu anaikatiza?"

Hapo nikafanya jambo ambalo halikuwa katika kitabu chochote nilichosoma, nami najivunia kulibuni. Nikamwambia mapema. Nikasema, "Bibi, leo nitakaa kimya ili nikusikie. Usione nimekudharau."

Akafikiri. "Kama unavyokaa na mfiwa?"

"Ndiyo, bibi. Kama hivyo."

"Basi kaa," akasema.

Nami huko msibani najua kukaa. Hata baba yangu, pamoja na ulimi wake wote, akienda kwa mfiwa alikuwa anavuta kiti, anaketi, na hasemi kitu mpaka mwenye msiba aseme. Kumbe kunyamaza nilikuwa nako. Nilikuwa sijui kwamba kunaruhusiwa ofisini.

Kimya kile kilikuwa kirefu. Nje nilisikia muuguzi akiita namba. Kisha bibi akaanza. Mke wake ana watoto watatu, wazuri, wanamwita bibi na wanamwekea maji ya kuoga. Yeye alipokataa biashara ya chakula, mwanamke alinunua masufuria makubwa kimyakimya. Bibi akayaficha. Wakafika kutupiana maneno mbele ya majirani.

Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu masufuria. Sikusema.

"Pale mgodini kuna wanaume wa kila mkoa," akaendelea. "Akienda kule atapata mtu. Akipata mtu ataondoka, na watoto watamfuata mama yao. Siku nikifa, nani atatoka ndani ya nyumba yangu kunizika?"

Nikataka kumwambia kwamba kwa mila watoto ni wake. Nikataka kumweleza na sheria. Nikauma ulimi kwa ndani mpaka ukaniuma kweli, kisha nikasema sentensi moja tu: "Bibi, unaogopa kubaki peke yako."

Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Hilo sijamwambia yeye."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia anapika vibaya."

Tulicheka sote wawili. Alipotulia nikamuuliza angependa kumwambia vipi. Akasema nyumbani hawezi, nyumbani watapigana. Atamleta hapa.

Na kweli alimleta. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye mtoto mgongoni, aliyekaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa polisi. Nilitangaza kimya changu, nikamweleza sababu. Bibi akaongea Kikurya, akitazama sakafu, mpaka akafika pale pa kuzikwa. Mwanamke akamgeukia.

"Mama, umeficha masufuria mwezi mzima kwa ajili hiyo?"

"Sasa ningeficha nini?"

"Mimi nikadhani umenichoka, unataka nirudi kwetu bila watoto. Usiku ule tulipotupiana maneno nilifunga hata nguo." Akamshusha mtoto mgongoni, akampakatisha bibi. "Mshike huyu, amekuwa mzito. Niende nimwache nani na nani?"

Hawakumaliza kila kitu siku hiyo. Walibishana kuhusu siku za kwenda kuuza, na nani atapika nyumbani, na kama kweli ugali wa yule mwanamke una kasoro, hoja ambayo bibi hakuiachia kabisa. Katika kikao cha nne walikuja wakiwa wameshakubaliana wenyewe: siku tatu kwa wiki, watoto wabaki na bibi, mwanamke arudi kabla ya jua kuzama. Bibi alisema analala sasa, isipokuwa mtoto mdogo anampiga mateke. Presha yake nayo ilikuwa imeshuka kidogo.

Ripoti yangu ya mwisho ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Sista akaipima mkononi.

"Fupi hii."

"Waliongea wao, Sista."

Akaisoma mara mbili, akachukua kalamu, akasaini ya nne. Kisha akafungua daftari la miadi.

"Alhamisi ijayo unakuja?"

"Mafunzo yangu yamekwisha leo."

"Najua yamekwisha, nimesaini mimi. Nakuuliza kama unakuja. Kuna watu wanne hapa wameandikisha, na mmoja ameuliza yule baba anayekaa na watu kama msibani anapatikana siku gani."

Cheti kilikuja baada ya miezi michache, na kiko ukutani pamoja na vile vingine, mgeni anakiona kabla hajaketi. Lakini Alhamisi ile nilikwenda. Nimekuwa nikienda kila Alhamisi tangu hapo, na Sista bado ananisomea ripoti zangu na kuniuliza mambo ambayo sikuuliza. Kijana mmoja wa Nyambureti amejaza fomu za chuo mwezi uliopita. Aliniomba nimshauri cha kuandika kwenye nafasi ya sababu za kutaka kusoma kozi hii. Nikamwambia aniambie yeye kwanza, nikavuta kiti.