Boliti za Marehemu

Mwanangu, ipo Jumapili moja ambayo hata leo nikiitaja sauti yangu hubadilika. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Aprili. Wapo ndugu wanaosimulia kwamba ilikuwa Mei. Hao wamekosea, nami siwaachii. Siku hiyo majirani zetu Wachina walikuwa wamefunga maduka wakaenda kuyasafisha makaburi ya wazee wao, na jambo hilo halifanyiki Mei. Ukoo mzima wa mwenye nyumba wetu ulitoka asubuhi ukiwa na mafagio, matunda na udi. Wao walikwenda kuwaheshimu wafu wao. Sisi, tunaojisifu kwa dini na ustaarabu, tulibaki nyumbani kumvunjia wetu heshima.

Wakati huo nilikuwa bado kijana, sijatimiza miaka thelathini, na ulikuwa umepita mwezi mmoja tu tangu nifiwe na mume wangu, Salum. Tulikuwa tukiishi hapa hapa Guangzhou, yeye akiwa wakala wa mizigo ya wafanyabiashara wa Tanga na Dar es Salaam. Alifariki ghafla mwanzoni mwa Machi, tukamzika huku huku, nami nikakaa eda katika nyumba aliyoniacha ndani yake, kama dini inavyoagiza. Ilikuwa nyumba ndogo ya ghorofani, juu ya stoo ya mizigo, yenye ngazi ya chuma iliyoshuka kutoka mlangoni kwangu hadi uani. Kwa miezi minne na siku kumi sikupaswa kujipamba wala kutoka pasipo dharura. Nilikuwa na binti yangu Rehema, ambaye bado alikuwa akiuliza baba anarudi lini.

Ndani ya stoo ile lilikuwamo gari. Lilikuwa gari la Kimarekani la zamani, la milango miwili, lenye boneti ndefu kama meza ya harusi na injini ya silinda nane. Salum alilipata kwa bosi mmoja, laoban kama tunavyowaita hapa, aliyekuwa na studio ya picha. Maharusi wa Kichina walipigwa picha wakiliegemea, mpaka studio ikafungwa na gari likaanza kuliwa na kutu. Barabara za mji huu halikuruhusiwa kuzikanyaga. Salum alikusudia kulifungua lote hadi ibaki bodi tupu, kulisugua, kulipaka rangi, kulifunga upya na kulipeleka Tanga likiwa zima, hata kama ingemchukua miaka. Hati za kulisafirisha alikwisha kuanza kuzifuatilia.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na namna hiyo ndiyo kiini cha hasira yangu. Akiondoa bampa, boliti zake hazikuwekwa mezani wala mfukoni. Zilirudi pale pale kwenye matundu zilikotoka, zikazungushwa kwa vidole mpaka zishike. Akiondoa bawaba, vivyo hivyo. Gari lile lilikuwa likipungua mabati lakini halipungui boliti hata moja. Mimi nilimshikia taa nikimcheka.

"Unazilea kama kuku," nilimwambia.

"Kuku jioni hurudi bandani wenyewe," alinijibu. "Hizi usipozirudisha, hazirudi."

Hakuwa akitia chumvi. Boliti za gari lile zilikuwa za kipimo cha inchi, na soko lote la vipuri la hapa ni la milimita. Ukienda na moja mkononi kuulizia mwenziwe, muuzaji hata haigusi. Hupunga mkono tu akasema "meiyou", yaani hakuna. Likusanye soko zima, jibu ni hilo.

Sasa nirudi kwenye Jumapili yangu. Asubuhi alikuja Hamadi, mdogo wake Salum wa tumbo moja, pamoja na rafiki yake Mkenya aliyeitwa Kevo na vijana wengine wawili. Hakubisha hodi kuniomba. Alisimama chini ya ngazi akanitangazia.

"Shemeji! Tumekuja kumalizia kazi ya marehemu. Kontena letu linaondoka Jumanne kwenda bandarini Huangpu, na kuna nafasi imebaki. Gari zima lina usumbufu wa hati. Tunalifungua, tunaikata bodi katikati, linapita kama vipuri. Kule Tanga tutalichomelea!"

"Hamadi," nikasema kutoka ndani, "subiri kwanza tuzungumze."

"Tuzungumze nini, shemeji? Wewe tulia. Uko eda."

Nikatulia. Nililelewa kuamini kwamba mjane ni mtu wa pazia, na kwamba sauti yake ikisikika uani ni aibu kwa marehemu. Nikakaa mkekani na Rehema mapajani, nikasikiliza. Walifungulia muziki. Wakaagiza wali na kuku. Wakachekana na kutaniana kama watu walio kwenye tafrija. Na kila boliti waliyoifungua waliitupa kwenye ndoo tupu ya rangi. Nilizisikia zikigonga, boliti za mlango juu ya boliti za giaboksi, zote zikichanganywa. Kazi ya mikono ya mume wangu ilikuwa ikiporomokea ndooni, nami nimeketi nikiumauma upindo wa mtandio. Waswahili husema kufa kufaana. Siku ile niliuona ubaya wa msemo huo kuliko uzuri wake.

Mchana akapanda Bi Tatu. Huyu alikuwa mama wa Kizanzibari, mtu mzima, mnunuzi wa vitambaa wa miaka mingi. Wauzaji wa soko la Zhongda walipomwona kwa mbali walianza kupandisha bei mapema ili wapate pa kushukia. Kila Jumapili aliniletea chakula. Siku ile aliweka bakuli chini kabla hajavua viatu, akatega sikio. Huko chini walikuwa wakiijaribu grenda, ile mashine ya kukatia chuma, nayo ilikuwa ikilia kama mnyama.

"Nani kafa mara ya pili huko chini?" akauliza.

Nikamweleza. Akanikazia macho.

"Kakuomba ruhusa?"

"Hajaniomba, Bi Tatu."

"Mirathi imeshagawiwa?"

"Bado."

"Basi gari lina fungu lako, lina fungu la mtoto huyu, lina fungu la mama mkwe wako, kabla hata ya fungu lake yeye. Na wewe umekaa hapa unafanya nini?"

"Niko eda, Bi Tatu."

Mwanangu, nimekaripiwa na watu wengi katika maisha yangu, hata na walimu, kwani nilianza kusoma nikiwa mtu mzima, hivyo nawajua wakali. Lakini karipio la Bi Tatu halijawahi kupata mpinzani.

"Eda imekufunga mlango, haijakufunga mdomo! Na huo mlango wenyewe, nyumba ikishika moto, utatoka au utangoja miezi minne na siku kumi? Dini ilikuweka ndani ili uheshimiwe, si ili uibiwe kwa utulivu. Vaa buibui lako, mwanamke!"

Nikavaa. Nikatoka hadi ngazini, na nataka ujue kwamba sikuwa na hofu. Uani nikaiona bodi imelazwa juu ya magogo, haina milango, haina viti, haina injini. Kevo alikuwa amekwisha kuchora mstari mweupe wa chaki kuanzia paa hadi sakafu. Grenda ingeufuata mstari ule, basi gari la Salum lisingekuwa gari tena. Bodi ya namna ile ikikatwa hata ukiichomelea hainyooki. Ingebaki kuwa chuma cha kupimwa kwa kilo.

"Hamadi, zima hiyo mashine."

"Shemeji, rudi ndani, utatutia dhambini!"

"Dhambi mmeshaitia nyinyi wenyewe, tena kwenye ndoo ya rangi. Ulimwona kaka yako akizitupa boliti?"

"Kaka alikuwa na muda. Mimi nina kontena."

"Mathe, usijali," Kevo akaingilia kwa Kiswahili chao cha Nairobi, ambako mama huitwa mathe. "Hii ni mabati tu. Tunaigawa mbili, huko mbele inaunganishwa, inakuwa poa."

"Wewe, ukigawiwa mbili, utaunganishwa uwe poa?"

Wenzake wakacheka. Hamadi hakucheka.

"Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja," akasema. "Huwezi kuniambia kitu kuhusu mali ya kaka yangu."

"Nionyeshe, basi. Hilo bampa ni fungu la nani? Ule mlango ni fungu la nani? Mtoto wake yuko juu. Mpandie umwambie umemkatia fungu lake kwa chaki."

Akageuka, akaichukua grenda mwenyewe, akaiwasha. Cheche za kwanza zikagusa paa. Sikupiga kelele. Niliteremka ngazi zilizobaki, nikapita kati yao, nikaingia ndani ya ile bodi tupu na kukaa sakafuni juu ya bati, pale ambapo kiti cha dereva kingekuwa. Nikakusanya buibui langu miguuni, nikamtazama.

Grenda ikazimwa.

Hapo ndipo mtego wao ulipowanasa. Nani angenishika mkono anitoe? Mjane aliye kwenye eda, mwanamume gani Mwislamu angethubutu kumgusa, tena mbele ya watu? Eda ile ile waliyoifanya kufuli yangu ikawa boma langu. Hamadi alizunguka bodi mara kadhaa, akisema "shemeji tafadhali", kisha "shemeji unatuaibisha". Na kutoka juu ya ngazi Bi Tatu akawapa la mwisho:

"Haya, kateni! Mnangoja nini? Anzeni na mjane!"

Kevo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvua glavu. Aliniambia "pole, Mathe", akaondoka ameinamisha kichwa. Na kwa hilo pekee nimemsamehe. Wengine wakamfuata. Hamadi alipiga teke kipande cha gogo, akasema nitajuta gari litakapoozea hapo. Kontena likaenda bila gari.

Usidhani nilishinda, mwanangu. Usiku ule ndipo nilipoanza kulia. Bi Tatu aliipandisha ile ndoo kwangu, na sehemu iliyobaki ya eda niliimaliza mkekani, nikizipambanua boliti moja moja: nene na nyembamba, ndefu na fupi, zenye rangi ya chungwa upande wa kichwa na zisizo nayo. Rehema alizipanga kama wanasesere. Nyingine hatukuziona tena; zilikanyagwa uani, zilifagiliwa na taka. Bandu bandu huisha gogo. Wanaume wanne walibomoa kwa siku moja ya wali na muziki kitu ambacho fundi niliyemwajiri alihangaika nacho kwa miaka, boliti zilizopotea ikabidi zichongwe kwa kuagizwa, na mlango wa kushoto mpaka leo haufungi sawasawa. Lakini liko Tanga, mwanangu, na ni zima. Mirathi iligawiwa kwa haki. Mama mkwe wangu alimwachia mjukuu wake fungu lake. Hamadi, kwa upande wake, huwasimulia watu kwamba yeye ndiye aliyesaidia kulifungua. Sijapata kumsikia akiomba radhi. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Nimeshika kalamu leo kuwaandikia nyinyi vijana mnaosoma hapa, ninaowaita wanangu, kwa sababu ya jambo nililoliona mwezi uliopita, katika msiba wa kijana mmoja mwanafunzi mwenzenu hapa hapa mjini. Kabla matanga hayajaanuliwa, marafiki walikuwa chumbani wakigawana: huyu kompyuta, yule viatu, wa tatu simu "asije akaichukua mwenye nyumba". Wote walisema wanasaidia. Na mke wake, binti mdogo aliyekuja majuzi tu kutoka nyumbani, alikuwa ameketi pembeni ameinama, akinyamaza kama nilivyonyamaza mimi. Nikasimama nikawatoa wote, na naambiwa sasa wananiita bibi mkali. Jina hilo nalipokea kwa mikono miwili.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu wa kiume: msiba si mwanya. Mali ya marehemu haifunguliwi hata boliti moja kabla haijajulikana ni ya nani, na kumsaidia mfiwa huanza kwa kumuuliza anataka nini. Usimtangazie chini ya ngazi. Kitu ambacho mwenzako alikitunza kwa subira, ukiwa huna subira hiyo, usikiguse; heri kioze mikononi mwa mwenyewe kuliko kupona mikononi mwako kikiwa vipande. Nawe, binti yangu: heshima ya mwanamke haipimwi kwa kiasi gani amenyamazia dhuluma. Yeyote atakayekuambia dini imekufunga mdomo, mwombe akuonyeshe imeandikwa wapi. Mimi nilichelewa kusoma, lakini nilipojua kusoma nilitafuta, na sikuiona. Ukikasirika kwa ajili ya haki, usiione aibu hasira yako. Ila iketishe mahali pamoja, kimya, pale ambapo hawawezi kuihamisha.

Mola awape mikono inayojenga, na ndugu wanaobisha hodi. Awajaalie midomo inayofunguka kwa wakati wake. Na siku mtakayofiwa, kwa maana wote tutafiwa, asikosekane mtu mzima wa kuwapandia ngazi na kuwauliza mnangoja nini. Amina.