Alilivisha gari njumu miguu ya mbele tu

Gari likishateleza kwa nyuma kwenye barafu, dereva hana tena la kufanya. Januari iliyopita gari la Jumakadyr Asanakunov liliteleza hivyo kwenye mteremko wa Too-Ashuu, mgonjwa akiwa ndani. Alikuwa amefunga matairi mawili ya theluji badala ya manne. Alikosea, na yeye mwenyewe hakatai.

Leo ni Ijumaa, saa moja asubuhi. Hapa Suusamyr, bondeni kwetu milimani, ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Jumakadyr, mwenye miaka 47, amepiga magoti kwenye theluji uani kwake, kavua glavu moja. Anapitisha kidole kwenye tairi la nyuma kushoto, akigusa njumu za chuma moja moja, akihesabu kama kuna iliyong'oka.

"Hesabu taratibu tu, mdogo wangu," Burulkan, jirani yake, anamwambia akiwa ameshakaa kiti cha nyuma, amejifunika blanketi mpaka puani. "Mashine hainisubiri, lakini kaburi linasubiri."

"Nyamaza, dada. Umenipotezea hesabu."

Anaanza upya.

Burulkan ana miaka 53 na figo zake hazifanyi kazi. Kila Jumanne na Ijumaa lazima awe Bishkek, mji mkuu, saa sita mchana, kwenye mashine ya kusafisha damu. Akikosa siku moja, miguu inavimba. Siku zikiongezeka, maji yanapanda kifuani na pumzi inakata. Kati yake na mashine kuna mlima wa Too-Ashuu, na juu ya mlima kuna handaki lenye urefu wa kilomita mbili na nusu.

Jumakadyr ndiye humvusha. Abiria wengine humlipa nauli ya som 700 kila mmoja, na akipata watatu baada ya mafuta hubaki na kama som 1,000. Burulkan halipi kitu. Humletea maziwa mgando na maneno makali.

Mwaka jana Jumakadyr alikwenda kwa Esenkul, fundi wa matairi kule Kara-Balta, akanunua matairi mawili mapya ya njumu na kutaka yafungwe mbele. Nyuma yalibaki ya zamani, yasiyo na njumu. Yalikuwa na meno marefu kwa macho, ila mpira wake ulikuwa umezeeka hadi ukigongwa kwa ukucha unalia kama ubao.

Si uchoyo peke yake. Bonde letu ni la wafuga farasi. Barafu ikikaribia, farasi huvishwa viatu vya chuma miguu ya mbele, kwa sababu ndiyo inayobeba uzito. Ya nyuma huachwa, hufuata yenyewe. Baba yake Jumakadyr alifanya hivyo, na babu yake pia. Gari lake nalo huvutwa na magurudumu ya mbele. Akaona mambo ni yale yale. Nusu ya madereva wa hapa waliona hivyo pia.

Esenkul alimkatalia. "Farasi akiteleza nyuma hujikusanya, ana akili," alimwambia. "Gari lako lina akili gani? Nyuma yake itakupita wewe mwenyewe barabarani!"

"Unataka kuniuzia manne tu, wewe mwizi."

"Nataka uje kunitukana tena mwaka ujao. Maiti hawanitukani."

Jumakadyr alicheka, akafungiwa mawili.

"Kupanda, gari lilikuwa simba," anasema. "Ndiyo iliyoniponza. Nikasema, kumbe Esenkul ni muongo."

Wakavuka handaki. Mdomoni mwake upande wa kaskazini maji hudondoka na kuganda, na hapo hapo mteremko unaanza. Akakanyaga breki kidogo tu. Mbele ikashika, nyuma ikaendelea na safari. Gari likageuka, pua ikatazama walikotoka, likateremka kinyumenyume mpaka likajipigiza kwenye ukuta wa theluji upande wa mlima. Upande wa pili hakuna ukuta. Kuna hewa.

"Nilimwona dada kwenye kioo. Hakupiga kelele. Alikuwa anatazama nje kwenye bonde, kama mtu anayehesabu atafika chini saa ngapi."

Msimu huu aliuza jike lake la farasi na kurudi kwa Esenkul. Safari hii alimwachia fundi achague. Matairi manne ya aina moja, yote ya njumu, na ubavuni pa kila moja Esenkul alimwonyesha tarakimu nne: wiki na mwaka lilipotengenezwa. Hakuna lenye zaidi ya mwaka mmoja. Som 22,000.

"Usiangalie meno kama unanunua farasi," alimwambia. "Angalia umri. Bonyeza mpira. Ukiwa mgumu leo jua likiwaka, mlimani utakuwa jiwe."

Saa tatu kasoro gari linafika handakini. Kabla ya kuingia, Jumakadyr anasimamisha. Wote wawili wanafungua viganja kwa dua na kuvipitisha usoni. Ndani kunanuka moshi. Mwanga wa upande wa pili unapotokea, anaweka gia ya pili, na mkono wa Burulkan unatoka kwenye blanketi na kushika ukosi wa koti la Jumakadyr.

Barafu ipo, ya buluu, inang'aa. Nyuma inasogea kiasi cha shubiri. Halafu inasikika sauti kama ya mtu anayetafuna sukari, njumu zimeuma. Gari linanyooka.

"Pumua, mdogo wangu," anasema Burulkan. "Mwenye ugonjwa ni mimi."

Jasho linamtoka Jumakadyr, na dirisha lake liko wazi.

Hana mpango mkubwa. Anataka kumvusha mpaka sikukuu ya Nooruz, mwezi Machi, theluji itakapoanza kuyeyuka, na mwaka ujao hivyo hivyo, na unaofuata, "mpaka mmoja wetu achoke." Haombi barabara iwe rahisi.

Anajua alichopoteza mwenzake. Ile Ijumaa ya Januari, katapila la kusafisha barabara, likielekea Suusamyr, liliwakuta baada ya muda wa saa tatu, likawarudisha. Usiku ule theluji iliporomoka, njia ikafungwa mpaka Jumatatu. Tangu Jumanne mpaka Jumanne, Burulkan alikaa siku saba bila mashine. Akalazwa siku kumi na moja, maji mapafuni. Mdogo wake wa damu, wa kiume, alikuwa ameshapimwa, na figo yake ilikuwa inamfaa dada yake. Upasuaji wa kumpandikiza ulipangwa Aprili. Madaktari waliusikiliza moyo wake baada ya zile siku saba, wakasema hautahimili kisu tena.

Matairi mawili ambayo hayakununuliwa yalikuwa som 11,000. Figo ilikuwa moja.