Kengele ya Mama Naeku

Anyesi alizaliwa Oldonyo Sambu, upande wa kaskazini wa Mlima Meru, ambako mvua hufika ikiwa imeshachoka. Maji yake yote imeshawamwagia Wameru wa upande wa pili, wenye migomba na kahawa yao. Sisi hutuletea upepo. Alibatizwa na Walutheri, akasoma mpaka darasa la saba, akaolewa na Sankale, mtoto wa jirani yangu. Sankale alikwenda mjini kulinda nyumba za watu, na kama walinzi wengi, akasahau kulinda ya kwake. Alikuja Krismasi na viatu vipya, akaondoka kabla havijapata vumbi.

Walipata mtoto mmoja, wa kike. Wakamwita Naeku, jina la aliyezaliwa alfajiri. Surua ilimpitia akiwa bado ananyonya, ikaondoka na macho yake yote mawili. Mawifi walikuja kumpa pole, wakakaa, wakanywa chai, wakasema labda kuna jambo Anyesi alilifanya akiwa mjamzito. Aliwaongezea sukari.

Mtoto alipoanza kutembea, Anyesi alifanya jambo ambalo halimo katika sera yoyote ya elimu. Alikuja kwangu asubuhi, akanisalimu, akauliza, "Baba, ile kengele ya beberu wako aliyekufa na ukame bado ipo?"

Nikamwambia ipo. Nikamuuliza amenunua mbuzi gani.

"Mbuzi ni mimi," akasema.

Akaifunga kwenye kifundo cha mguu wake kwa kamba ya ngozi. Alipokwenda kuni, kengele ilikwenda. Aliposhuka barabarani kuuza maziwa, ilishuka. Na Naeku akawa nyuma yake, mikono mitupu, kichwa kimeinama kidogo upande, anaifuata sauti. Mtoto aliyejikwaa leo kwenye jiwe, kesho alilizunguka. Wanawake kisimani walipata la kusema. "Beberu wa Sankale huyo, chungeni mahindi yenu." Anyesi akawajibu kwamba mahindi yao hayana hata majani, beberu angekula nini. Baadaye walizoea. Kengele ikipita usawa wa nyumba yangu, nilijua saa.

Kila aliyechunga anajua kwamba kengele hafungwi mbuzi mpotevu. Hufungwa yule anayetangulia, ili walio nyuma wasikie njia iliko. Au tuseme, kila aliyechunga zamani. Vijana wa sasa wanachunga na nyaya masikioni, hawasikii hata radi, na kengele za babu zao wamewauzia watalii waning'inize ukutani huko Ulaya.

Naeku akaanza shule. Ilikuwepo shule ya msingi yenye chumba kimoja cha wasioona, na mwalimu mmoja, Lilian, aliyejua kusoma na kuandika nukta nundu, yale maandishi ya vidole. Kila asubuhi kengele ilipanda na mtoto, ikarudi peke yake. Mtoto akaja siku moja nyumbani kwangu na karatasi nene iliyojaa vipele, akapitisha kidole, akanisomea jina langu. Mimi niliyejifunza kusoma kwa vipande vya magazeti yaliyofungiwa nyama nilijua thamani ya alichokishika mtoto yule.

Ndipo ikasikika kwamba Mwalimu Lilian anahamishwa. Anapelekwa shule ya mjini, ambako hakuna hata mtoto mmoja asiyeona, akafundishe hesabu. Wa kumpokea hakuwepo. Aliyepanga uhamisho huo alikuwa na macho mazima, na elimu ya kutosha kuning'iniza ukutani.

Wiki hiyohiyo mbunge wetu alipita. Mheshimiwa Brayson ni mtoto wa hapahapa. Baba yake alichunga mbuzi na mimi, na yeye mwenyewe amelala utoto wake wote akisikia kengele zizini. Sasa amenenepa, na anapotuita "wananchi wangu" husema kama mtu anayetaja mifugo. Alikuwa njiani kwenda Dodoma kwenye bajeti ya elimu, akasimama shuleni kutafuta cha kusema. Watoto wa chumba kile walitolewa nje. Naeku aliposikia kuna mtu mzima mbele yake akainamisha kichwa, kama mtoto wa kwetu anavyomwamkia mkubwa, akingoja kuguswa utosini. Mheshimiwa akamnyoshea mkono. Mtoto haoni mkono. Mkubwa haoni kichwa. Walibaki hivyo mpaka msaidizi wake akamaliza kupiga picha.

Anyesi akasogea. Shikamoo hakuisahau. Aliomba jambo moja tu: Mheshimiwa aseme bungeni kwamba Mwalimu Lilian asihamishwe mpaka apatikane mwingine anayejua nukta nundu. Alilisema mara mbili, ya pili polepole. Mheshimiwa akaitikia ndiyo, mama, ndiyo, mama, macho yapo kwenye simu. Anyesi alipogeuka kuondoka, kengele ikalia. Mheshimiwa akainua kichwa, akaona mtoto anafuata, akamuuliza msaidizi wake ile ni nini. Msaidizi, kijana wa mjini ambaye mbuzi anamjua akiwa amechomwa, akasema, "Wamemfungia mtoto kengele, bosi." Mheshimiwa akatikisa kichwa, gari likaondoka.

Siku ya mjadala tulikaa hotelini kwa Lemburis, pale anapouza supu, kwa sababu ana televisheni. Anyesi aliacha maziwa yake nje. Hoja ilikuwa sera ya elimu na msaada kwa wanafunzi wasioona, wasiosikia na wenzao. Kwa sehemu kubwa ya asubuhi waheshimiwa waligombania waitweje. Mmoja alisema "walemavu" ni neno la kudhalilisha. Mwingine akaomba kutoa taarifa kwamba "watu wenye ulemavu" ndilo sahihi. Wa tatu akataka "wenye mahitaji maalumu". Wa nne akauliza kwani ni nani asiye na mahitaji, wakacheka wote, wakagonga meza. Kuhusu nani atawafundisha, sikusikia.

Katika baraza la rika letu, zamani, mtu akisimama kusemea ng'ombe aliyepotea aliulizwa kwanza: umemwona mwenyewe? Kama hakumwona, alikaa chini. Tungeweka swali hilo mlangoni Dodoma, ukumbi ungebaki na wafagizi.

Akasimama wetu. Alishukuru uongozi, akashukuru chama, akampongeza waziri, akaishukuru familia yake kwa uvumilivu. Kisha akainua sauti. Akasema jimboni kwake, karne hii, amemwona kwa macho yake mtoto asiyeona amefungwa kengele shingoni kama mbuzi. Ukumbi ukaguna, sauti zikatoka, "Aibu, aibu." Mama mmoja akafuta machozi. Mwingine akasimama kutoa taarifa kwamba mkoani kwake huwafunga kamba, na Mheshimiwa akaipokea taarifa hiyo kwa mikono miwili.

Lemburis alimtazama Anyesi mguuni. Wote tulimtazama mguuni.

"Bado hajafika kwa mwalimu," Anyesi akasema. "Subirini."

Mheshimiwa akavuta pumzi, akasema, sasa naomba niende kwenye suala la walimu. Hapo ukumbini ikalia kengele. Ndiyo, na wao wanayo: humlilia msemaji muda wake ukiisha. Kiti cha Spika kikamwambia, "Kengele imelia, Mheshimiwa." Akasema naunga mkono hoja, akakaa, jirani yake akampa mkono.

Anyesi alitoka, akabeba maziwa yake. Yalikuwa yameshaganda.

Matunda ya hotuba yalifika haraka kuliko mbolea ya ruzuku. Afisa ustawi wa jamii alikuja na gari, akamkagua Naeku shingo akitafuta alama ya kamba. Hakuiona, akaonekana kusikitika. Akaambiwa kengele anavaa mama. Akasema hayo yeye hayajui, taarifa iliyoko juu ni ya mtoto. Mwalimu mkuu, kwa kuhofia kiti chake, akapiga marufuku kengele isifike shuleni. Na Mwalimu Lilian akahamishwa kama ilivyopangwa. Mashine za nukta nundu zikafungiwa stoo. Naeku akawekwa dawati la nyuma katika darasa la wanaoona, akihesabiwa kuwa yupo.

Kisha Mheshimiwa akarudi, mkutano wa hadhara, jukwaa, spika, na fimbo nyeupe moja iliyofungwa utepe. Alimwita Anyesi mbele. Akasema serikali imesikia, na leo mtoto anatolewa kwenye kengele na kupewa fimbo ya kisasa. Watu wakapiga makofi. Watu wetu hupigia makofi hata mlio wa spika.

Anyesi akauliza mwalimu atarudi lini.

"Hilo lipo kwenye mchakato, mama."

Basi akainama. Akafungua kengele mguuni, akamnyoshea Mheshimiwa.

"Nilikutuma mwalimu, ukapeleka kengele," akasema. "Ichukue. Kwetu huvaa anayetangulia. Vaa, Mheshimiwa, tukusikie uko wapi."

Bibi zetu pale mbele walicheka mpaka shuka zikawadondoka mabegani. Mheshimiwa naye akacheka. Alidhani ni zawadi ya kimila. Akaipokea, akaiinua juu, akaitikisa kwa nguvu ili wapiga picha wapate.

Naeku alikuwa amekaa chini miongoni mwa wanafunzi. Kengele ilipolia akasimama. Alilifuata lile jukwaa kama alivyofuata njia ya kisimani, watu wakampisha, akapapasa ngazi kwa mguu, akapanda. Mheshimiwa akaendelea kutikisa, akitabasamu, mkono wa pili ameshaufungua kumkumbatia mtoto aliyekuja kumshukuru. Naeku akashika koti. Akapapasa kitambaa, vifungo, tumbo. Akavuta mkono.

"Siye," akasema.

Maikrofoni ilikuwa karibu. Tulisikia wote mpaka nyuma kwenye pikipiki.

Anyesi akapanda, akachukua kengele yake kutoka mkononi mwa Mheshimiwa bila kumwomba, akaifunga palepale jukwaani, akashuka na mtoto nyuma yake. Fimbo nayo waliichukua. Anyesi si mjinga, fimbo ni kitu kizuri. Hakuna aliyepiga makofi. Mheshimiwa akaomba wimbo.

Kabla ya muhula kufunguliwa Anyesi aliuza ng'ombe wake wa maziwa. Alipanga chumba Olasiti, kule mjini, ambako Mwalimu Lilian anaishi sasa, na jioni mwalimu humfundisha Naeku mezani kwake, baada ya kutwa nzima ya hesabu za watoto wa wengine. Mchana Anyesi anafua nguo za watu huko Sekei. Aliniambia kwenye simu kwamba majirani walilalamikia kengele, nao wanalala na bodaboda na muziki wa baa bila kulalamika. Hajaivua. Mtoto amefika mahali pa kusoma kitabu peke yake.

Hapa kwetu nyumba yake imefungwa, na sijui tena saa.

Majuzi, kwa Lemburis, nilimwona Mheshimiwa tena kwenye televisheni. Alilitaarifu Bunge kwamba lile tatizo la kengele jimboni kwake limekwisha kabisa. Safari hii hakusema uongo. Olasiti ni jimbo la mtu mwingine.