Mkebe wa Shosho na Vikombe vya Marekani

Shosho ana wajukuu wawili waliopewa jina lake: binamu yangu na mimi. Shosho humwita binamu yangu "wajina", kama waitanavyo watu wenye jina moja. Mimi, tangu nihitimu katika sayansi kimu, huniita "mwalimu". Wageni hudhani ni heshima.

Nilipokuwa chuoni, binamu yangu ndiye aliyekaa naye kijijini Gatitu na kufundishwa keki yake, ile ya kuokwa ndani ya sufuria, makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini. Kisha akaolewa Marekani. Mwaka huu mikono ya Shosho imeanza kutetemeka, naye akaitamani keki hiyo Krismasi. Nilijitolea kuipika. Akacheka.

"Wewe, mwalimu? Muulize wajina kwanza."

Nikauliza. Jibu likaja kwa simu: unga vikombe viwili na robo, oveni nyuzi 350 za Farenhaiti. Oveni yangu huishia 250, za Selsiasi. Nikaondoa thelathini na mbili, nikazidisha kwa tano, nikagawanya kwa tisa, nikaelekeza swichi chini kidogo ya 180. Unga ukawa gramu 280 kwenye mizani. Nilipiga hesabu hizo kwa kiburi, nikijiambia kwamba binamu yangu ameipoteza keki ya nyanya yetu katika vikombe vya wageni.

Ili nithibitishe, nilichukua mkebe wa mafuta ya kupikia ambao Shosho ameupimia unga tangu mama yangu akiwa mtoto. Nikamimina unga wangu humo na kuusawazisha kwa kisu. Ulifika ukingoni. Haukupungua, haukumwagika.

Niliketi. Kumbe binamu yangu naye alipima. Ugenini, bila mkebe na bila makaa, alikuwa amelitafuta joto la sufuria ile hadi akalipata, akaligeuza kuwa nambari. Kazi niliyodhani ni yangu alikwisha kuifanya yeye, kwa upendo. Mimi nilikuwa nairudisha nyumbani tu. Laiti unga ungepungua hata kijiko!

Keki ilipoiva, Shosho alionja, akafumba macho.

"Ati wajina amekuja saa ngapi? Na mbona hajanisalimia?"

"Hajaja, Shosho. Ni mimi nimepika."

"Wewe?" Akaniangalia, akaiangalia keki, akachukua kipande kingine. "Basi mpigie wajina. Mwambie keki yake imefika."

Nikapiga. Kwake ilikuwa bado alfajiri, nami nilitumaini, Mungu anisamehe, kwamba amelala. Alipokea kabla mlio wa pili haujaisha.

"Ameipenda?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akingoja.

Nilimpa Shosho simu, nikaenda kuosha mkebe.