Utani Niliomtania Wifi Yangu

Nakumbuka asubuhi moja ya masika nikipanda kilima kwenda kwa kaka yangu Aminieli, juu kidogo ya Nkoaranga, na furushi la nguo za kitoto kichwani. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Mwanangu, nilikuwa naimba. Aendaye kuzika haimbi, ila mimi nilikuwa bado sijajua.

Nirudi nyuma kidogo. Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena na mitumba ikaruhusiwa. Nilikuwa na meza yangu ya mitumba mtaa wa Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, na watoto watatu niliowazaa nyumbani bila kumwona daktari. Nilijiona mwamba. Mtu akipata kidogo cha kujivunia, hukivaa hata pasipotakiwa.

Mke wa Aminieli aliitwa Ndeshi, mwanamke mpole, mchapakazi. Uzazi wake wa kwanza ulimshika siku mbili, mtoto akakataa kushuka, hadi akapelekwa hospitali na kupasuliwa. Akapata mtoto wa kiume, mzima. Nesi alimwambia, mimi na mumewe tukisikia, kwamba mimba ijayo asingoje uchungu nyumbani. Aje mapema akae karibu na madaktari, kwa kuwa kovu lile la ndani linaweza kuachia. Tuliitikia wote.

Siku ya ubatizo wa mtoto tulikaa jikoni tukimenya ndizi, kila mwanamke akisimulia alivyozaa: huyu alizaa shambani kwenye kahawa, yule alizaa mapacha mumewe akiwa safarini. Ndeshi alipofungua kinywa naye aseme, nikamkata kauli.

"Huyu hana la kusimulia," nikasema. "Hakuzaa, alipakuliwa."

Jiko zima lilicheka. Hata yeye alicheka, kiganja mdomoni. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi sikuhisi hata kwamba nimejikwaa. Neno likashika. Miezi baadaye niliwasikia wanawake kwenye mfereji wa maji wakimwita Mama Pakuliwa, nami nikafurahi kwamba utani wangu umetembea.

Alipopata mimba ya pili, kila Aminieli alipotaja hospitali alimjibu kwamba siku bado. Mwezi wa tisa ukaingia, bado. Asubuhi ile uchungu ulipoanza alimficha mumewe, akamwacha ateremke Nduruma kwenye shamba lao la mahindi. Kisha akamwita Bibi Rebeka, mkunga mzee wa pale kilimani.

Nilipofika na furushi langu nilimkuta Bibi Rebeka mlangoni, akiwaita majirani kwa sauti. Aliniambia amekataa kuligusa tumbo lile, na kwamba tangu alipofika Ndeshi amemshika mkono akimsihi amsaidie azae kama wenzake.

Niliingia. Ndeshi alikuwa ametulia, jasho jembamba usoni. Akanong'ona kwamba uchungu umekata ghafla. Mimi nikamshukuru Mungu. Bibi Rebeka akanitazama kama anavyotazamwa mjinga.

"Uchungu wa kuzaa haukati hivyo kabla mtoto hajatoka," alisema. "Leteni kitanda."

Wanaume wanne walimteremsha kwa kile kitanda hadi hospitali, wakiteleza na kushikilia migomba. Mfuko wa uzazi ulikuwa umepasuka. Mtoto, wa kike, alitolewa amekwisha kufa. Ili kumwokoa mama, madaktari wakauondoa na mfuko wenyewe.

Pale uani hospitalini nililia, na katika kulia kwangu nikawa namlaumu mgonjwa. Kwa nini hakuja mapema? Si aliambiwa? Bibi Rebeka aliniacha nimalize.

"Uliza mdomo wako," alisema. "Miaka yote hii napokea watoto wa watu, na sijawahi kupima uanamke wa mtu kwa njia aliyopitia mtoto. Wewe uliupata wapi mzani huo?"



Siku ya tatu niliruhusiwa kumwona. Nilikaa kando ya kitanda. Alinisalimu, akauliza kama mwanawe amekula. Halafu akasema taratibu, bila hasira, "Wifi, nilitaka na mimi niwe na la kusimulia."

Nilimwomba msamaha, mara ya kwanza pale, mara ya pili mbele ya mchungaji. Alinisamehe, akanimiminia chai. Lakini mwanangu, msamaha haurudishi kilichozikwa. Hadi leo, wanawake wakianza habari za uzazi, Ndeshi huinuka akatazame chungu hata kama moto umeshazimwa. Mimi hubaki nimekaa na wenye kicheko.

Na Mungu ana namna yake ya kufundisha. Binti yangu wa mwisho naye alipasuliwa. Aliyempikia mtori wa ndizi mwezi mzima, akamkanda miguu na kumfulia, ni Ndeshi. Hakunikumbusha lolote. Siku ya kuondoka aliniuliza jambo moja tu: "Mimba ijayo utampeleka lini?" Niliona ni afadhali angenitukana.

Basi sikia, wewe unayengojea mtoto wa pili na uzazi wa kwanza ulikuwa mgumu. Ukiambiwa uende mapema, nenda mapema. Beba kadi yako, sema wazi ulipasuliwa lini, usifiche kovu. Wako wanaozaa kwa njia ya kawaida baada ya kupasuliwa, lakini hilo ni la daktari kuamua, na ni la hospitalini. Usiende kulithibitisha chumbani kwako kwa ajili ya watu wa kwenye mfereji. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na aliyelala chini ya kisu akaamka na mtoto ni mzazi kamili. Na wewe wifi, wewe mama mkwe, wewe jirani mwenye maneno matamu ya jikoni: kabla hujamchekesha mtu, tazama ni nani anacheka huku amefunika mdomo.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungue salama, kwa mlango wowote atakaouchagua Yeye, na akupe watu watakaouliza habari zako kabla ya kuuliza umezaaje.