Kosa Lililompa Mwenzangu Kazi

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye duka la steshenari mjini Korogwe, nikisubiri kutolewa nakala za vyeti, nikamkuta dada mmoja ninayemfahamu kwenye kona akisailiwa kwa simu ya video. Tulifanya kazi pamoja Handeni, tukifunga mita za maji za kisasa kwenye visima vya wafugaji. Sasa alikuwa anaomba kazi ya kusimamia miradi ya teknolojia. Kazi hiyohiyo nami niliiomba, naye alijua, na nilisailiwa juzi yake.

"Tueleze siku mradi ulipokushinda," sauti ikauliza.

Nikatega sikio. Swali hilo mimi nilijibu kwamba wafugaji walizikataa mita zetu.

Dada alishusha pumzi, akalaza kiganja mezani. "Nilipanga tufunge mita wakati wafugaji wamehama na ng'ombe. Sikuuliza mtu. Tulikuta maboma matupu. Nilirudi kuwaomba radhi wazee, tukapanga ratiba upya pamoja nao. Kosa lilikuwa langu."

Nikamwonea wivu. Ratiba ile tuliiandika wawili, na aliyesema hakuna haja ya kuuliza ni mimi.

Alipokata simu akaniona. "Shikamoo kaka. Hilo la kushindwa na wewe walikuuliza?"

"Marahaba. Waliniuliza."

"Ukawajibuje?"

"Vizuri tu," nikasema, nikajifanya nahesabu nakala zangu.

Jana nimesikia kazi kapata yeye. Nimempigia kumpongeza, na sauti yangu haikunisaidia sana. Ndugu msomaji, kosa lile mimi niliwapa wafugaji bure. Yeye alilichukua, akapewa na kazi.